Hadubini Iliyokaguliwa Shule Nne

Jua ndiyo kwanza linagusa vioo vya maabara, na Mama Chupa tayari ana mikono miwili ndani ya beseni la povu. Anatoa chupa moja, anaisuuza, anaiinua kuelekea dirishani na kuitazama kwa jicho moja. Haridhiki. Anairudisha majini.

"Hii ilikuwa ya jamu," anasema. "Jamu ina tabia mbaya. Unaiosha inaondoka, ukigeuka imerudi."

Pembeni yake zimejipanga chupa za dawa ya kikohozi, za mafuta ya nywele, na bakuli lililojaa mabomba ya sindano yasiyo na sindano. Hivyo ndivyo vifaa vya sayansi vya shule hii ya sekondari ya juu, ukiacha vichache vilivyofungiwa kabatini. Ndivyo vilivyompa jina pia. Jina la kwenye kitambulisho lipo, lakini hata mkuu wa shule ni nadra kulitumia.

Mama Chupa ni mtunza maabara. Hafundishi. Anaosha, anapanga, anapima dawa, anawasha jiko la gesi na kulizima, na anapiga kelele mtu akitaka kunusa kisichonuswa. Kazi hii ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwandishi wa gazeti hili alipofika kumhoji alipewa aproni kabla ya kiti.

"Huku hatukai tukatazamana," alisema. "Shika kitambaa, ukaushe. Maneno yatakuja yenyewe."

Yalikuja. Ila yalichukua muda, kwa sababu kuna sehemu ya habari hii ambayo bado inamchoma.

Kwa miaka mingi, mtahiniwa wa darasa la mwisho alifanya mtihani wa vitendo kwa kalamu. Aliulizwa angefanya nini kama angekuwa na kifaa fulani, naye akaeleza. Aliyekariri vizuri alipata alama zake, hata kama kifaa chenyewe hajawahi kukitia machoni. Mwaka huu mambo yamegeuka. Katika mfumo mpya wa mitihani, kila mtahiniwa atasimama mbele ya vifaa na kufanya kwa mikono yake, na kazi hiyo inabeba karibu nusu ya alama za somo.

"Mimi nilifurahi kuliko walimu," anasema Mama Chupa. "Nimeona watoto wanapata alama nzuri kwa kueleza rangi ambayo hawajaiona. Inauma. Ni kama kumsimulia mtoto chakula halafu unamuuliza kama ameshiba."

Furaha yake ilipungua alipofungua kabati. Watahiniwa ni arobaini. Bureti, ile mirija mirefu ya kioo yenye kibomba chini cha kudondoshea dawa tone kwa tone, ziko kumi. Hadubini ni moja, na lenzi yake imeingia ukungu.

Akajiongeza. Kwa mazoezi, bomba la sindano likashika nafasi ya bureti. Maua mekundu yaliyopandwa kando ya ofisi yakachemshwa, yakatoa maji yanayobadilika rangi yakikutana na ndimu au maji ya majivu. Wanafunzi walicheka, wakazoea, wakaanza kuyapa mabomba majina. Moja linalovuja wanaliita Kilio, na hakuna anayetaka kupangwa nalo.

Katikati ya mazoezi hayo ikaja taarifa kwamba maofisa wa idara ya mitihani watapita kuona kama shule ziko tayari.

Hapa Mama Chupa anafuta mikono na kukaa.

Watunza maabara wa shule za jirani wana utaratibu wao wa siku nyingi. Mmoja akipiga simu na kusema "nina wageni," wenzake hawaulizi zaidi. Wanavifunga vifaa kwa magazeti, wanavitia kwenye maboksi, vinasafiri. Ni vilevile nyumba inayongoja wakwe inavyoazima viti na vikombe kwa majirani, wala hakuna anayeona ajabu.

"Nilifanya kama ninavyofanya nyumbani kwangu," anasema. "Mgeni anakuja, utamwekea kikombe kilichokatika mkono? Nilipanga meza zikapendeza, mpaka mimi mwenyewe nikapiga picha."

Maofisa walikuja, wakasifu, wakaondoka. Maboksi nayo yakaondoka, yakaenda shule ya pili iliyokuwa inangoja maofisa wengine wa idara hiyohiyo, kisha ya tatu, kisha ya nne. Hadubini moja yenye mkwaruzo ubavuni ilikaguliwa katika shule zote nne, na kila ilipofika ilipewa sifa zake upya.

Akifika hapo Mama Chupa anacheka mpaka anashika meza. Mwandishi naye anacheka, nani asingecheka. Halafu Mama Chupa anaacha kucheka, anaikunja kona ya aproni.

"Tulikuwa tunakufa na tai shingoni," anasema. "Na waliokuwa wanakufa hasa ni watoto."

Wiki iliyofuata, wanafunzi wakiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, redio ya jikoni ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu. Msemaji wa idara akatangaza kwamba shule zote walizozitembelea zina vifaa vya kutosha, na kwamba wanafunzi wameupokea mfumo mpya kwa mikono miwili.

"Mikono miwili kweli," mmoja akasema kwa sauti. "Haina hata cha kushika."

Foleni nzima iliangua kicheko. Kilipoisha, wanaokumbuka siku hiyo wanasema hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

Mwandishi alimuuliza mmoja wa watahiniwa, kijana mpole anayependa kuzungumza akitazama viatu vyake, ni nini hasa kilichowakasirisha.

"Mtihani wenyewe hatuupingi," alijibu. "Hata ni mzuri. Tunachokataa ni kuambiwa tunavyo vitu ambavyo hatuna. Maana nikifeli, itaonekana nilipewa kila kitu, nikashindwa mwenyewe. Nitamweleza nani?"

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na zoezi maabara. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja. Walipofika kwenye nafasi zao, kila mmoja alichukua bomba lake la sindano, akalipeleka mezani kwa Mama Chupa, akaliweka, akarudi kukaa amekunja mikono. Mwalimu wa somo alisimama ubaoni na chaki yake hajui aandike au aondoke.

"Tuletee vile vya wageni," ikasema sauti kutoka safu ya mbele.

Mama Chupa aliijua sauti hiyo hata bila kuinua macho. Ni ya binti anayeishi naye, mtoto wa mdogo wake aliyefariki. Amemlea tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Binti huyo anataka kusomea ufamasia, na bila alama nzuri za somo hili mlango huo haufunguki.

"Nilitaka kumjibu kwa ukali," anasema. "Badala yake nilikusanya yale mabomba nikayaosha. Yalikuwa safi, lakini nikayaosha."

Nyumbani jioni ile kulikuwa na ubaridi. Wanaishi vyumba viwili, jiko liko kwenye kibaraza, na kwa kawaida binti huyo akishika kisu cha kumenyea viazi basi na mdomo nao unaanza kazi. Siku hiyo viazi vilimenywa kimyakimya. Ni Mama Chupa aliyeshindwa kuvumilia.

"Umenuna mpaka lini?"

"Sijanuna, mama mkubwa."

"Basi sema."

Binti aliweka kisu chini. "Mmetusingizia utajiri," alisema. "Wale watu walikuja kuona tulivyo. Ungewaacha waone."

"Ningewaacha waone, wangeidharau shule. Wangetudharau."

"Sasa si bora watudharau wakatuletea, kuliko watusifu watuache hivihivi?"

Mama Chupa anasema alipunguza kwanza moto wa sufuria. Kisha akamwomba msamaha. Kumwomba msamaha mtoto uliyemlea, anasema, ni jambo zito kuliko linavyosikika. Unaona aibu mbele ya sufuria zako mwenyewe. Binti alilia. Alipomaliza kulia alisema viazi havitatosha, akaongeza viwili.

Kesho yake Mama Chupa alikwenda kwa mkuu wa shule, mwanamume mstaarabu anayekaribia kustaafu na ambaye angependa afike huko bila kelele. Alimwomba mambo mawili: aandike barua kuwaalika tena wale maofisa, na safari hii kisiazimwe hata kijiko.

Mkuu alivua miwani. "Mama, wakikuta meza tupu watasema mimi sijui kazi yangu."

"Wakikuta zimejaa, matokeo yakitoka watasema watoto ndio hawajui yao."

Mkuu wa shule, alipoulizwa na gazeti hili, alikiri kwamba hakulala vizuri siku hiyo. "Lakini niliandika," alisema, akatabasamu kidogo. "Na niliisaini kwa kalamu nzito."

Ofisa aliyetumwa alikuja peke yake, kijana mwenye koti lililombana mabega. Hakukuta kitambaa mezani wala maua kwenye chupa. Alikuta zoezi likiendelea kwa vifaa vya shule tu, mabomba ya sindano yakiwa yamewekwa kando: kumi wanafanya kwa bureti, na nyuma ya kila mmoja wamesimama watatu wanangoja. Mama Chupa alikuwa amewapa maagizo mafupi tu, wasiigize wala wasilalamike.

Ofisa alizunguka. Akamwuliza msichana mmoja aliyesimama wa nne kwenye mstari wake, "Wewe mbona hufanyi?"

"Nangoja zamu yangu, shikamoo."

"Marahaba. Itafika saa ngapi?"

"Kipindi kikiwa kirefu, inafika. Leo sijui."

Ofisa alitazama saa ya ukutani, kisha akavua koti, akavuta kigoda, akakaa. Alikaa mpaka kengele ikalia. Wa pili katika kila mstari walikuwa ndiyo kwanza wameshika kifaa. Wa nne hawakugusa kitu.

Walioshuhudia wanasema hakutoa hotuba. Alimwuliza Mama Chupa viko wapi vile vifaa alivyoviona kwenye picha za wenzake, naye akamwambia ukweli wote, maboksi, simu, na hadubini yenye mkwaruzo. Alipofika kwenye hadubini, kijana wa watu alifunika uso kwa mikono. Yeye mwenyewe alikuwa ameipiga picha, alipokagua shule ya tatu.

"Nilidhani atanifukuzisha kazi," anasema Mama Chupa. "Akaniambia, 'Mama, nitaandika nilichokiona.' Basi. Nikakifuta kigoda kile alichokalia, nikajua nimemalizana na moyo wangu."

Vifaa vipya havijafika. Msemaji wa redioni hajajirekebisha, na wanafunzi bado wanamwigiza sauti wakiwa kwenye foleni. Lakini shule hii na nyingine tatu za jirani zimeruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo kwa makundi: kumi wanaingia, waliobaki wanakaa ukumbini chini ya msimamizi mpaka waitwe. Kila mtahiniwa atakuwa na bureti mbele yake, na hakuna atakayengoja mgongoni mwa mwenzake.

Mtihani wenyewe ni kesho.

Watunza maabara wa eneo hilo nao wamekubaliana, kwa simu zilezile, kwamba kuazimana kutaendelea kwa ajili ya masomo, ila wageni watakuta kilichopo. Mama Chupa anapanga mwaka ujao, darasa jipya likiingia, awapeleke wanafunzi wenyewe mbele ya maofisa waeleze wanachokosa. "Wao ndio wanaofanya mtihani," anasema. "Mimi na mkuu tulishafanya wetu zamani."

Kwa leo anapanga nafasi kumi, msimamizi akiwa amekaa pembeni na ufunguo wa kabati. Kila nafasi inapata bureti, chupa mbili, kitambaa, na kipande cha karatasi nyeupe cha kutandika chini ili rangi ionekane ikibadilika. Chupa za jamu alizoziosha asubuhi sasa zimepumzika.

Binti yake atakuwa kundi la tatu. Mama Chupa hatakuwepo. Kanuni za mtihani haziruhusu mtumishi mwenye ndugu miongoni mwa watahiniwa kukanyaga chumba hicho, kwa hiyo jioni hii atatoka, mtunza maabara wa shule ya jirani atachukua nafasi yake, na kesho atakaa nyumbani. Watahiniwa watajua mahali pa kusimama kwa kura, mlangoni, dakika chache kabla ya kuanza.

Anachukua bureti ya nafasi ya saba. Anaipitisha maji, anafungua kibomba, anahesabu matone, anakifunga, anangoja kuona kama kitavuja. Hakivuji. Anaanza tena.

Mwandishi anamwambia hiyo ilishakuwa safi tangu mara ya kwanza.

"Najua," anasema, bila kuacha. "Ila sijui yeye atasimama wapi. Kwa hiyo kila nafasi naiandaa kama ni yake."

Anaisimamisha bureti kwenye kishikio chake, anainyoosha karatasi nyeupe kwa kiganja, kisha anahamia nafasi ya nane.