Kitambaa Chekundu cha Kisima

Sisi tuliokuwa wadogo mtaani Kikula kabla ya simu, tunakumbuka Jumamosi za klabu ya shule. Unakula bukari, ugali wa jana ulioshika ugumu, unabeba fagio, unaenda. Tulifagia soko, tulizibua mifereji, na mvua zikileta magonjwa ya tumbo, tulitia dawa ya kusafisha maji katika visima vya majirani. Hatukujua kwamba tunafundishwa kuongoza. Tulijua tu kwamba mikono inauma.

Klabu ilikuwa na desturi moja tuliyoiogopa kuliko fimbo. Kila Jumamosi, kazi ikiisha, tulisimama duara, na prezida ndiye aliyeanza kusema kosa lake la juma mbele ya wote. Mwalimu Ilunga, aliyesimamia klabu, alisema chef, kiongozi, asiyetaja kosa lake hana ruhusa ya kuuliza la mwingine. Mwaka ule prezida nilikuwa mimi. Nafikiri walichagua sauti yangu kubwa, si akili.

Alhamisi moja tulitia dawa kisima cha parsele yetu, kilichonywesha nyumba nne za ua ule. Kalenga, mvulana wa maneno machache, alikuwa na kazi ya kutandika kitambaa chekundu juu ya mfuniko na kukiwekea jiwe, alama kwamba dawa bado ni kali na maji hayachotwi mpaka kesho. Mchana mawingu yakashuka. Mnajua tulivyolelewa: mvua ikitisha, mtoto aliye karibu anaanua nguo za parsele nzima, zilizo kwenye kamba, kwenye majani, hata zilizolaliwa na mawe juu ya kisima. Nikakimbia, nikazikumbatia zote bila kuziangalia, nikaingia ndani.

Jioni mjukuu wa jirani yetu Mama Veronika alikunywa maji yale. Alitapika mpaka akalegea, nyanya yake akamkimbiza dispensari mgongoni. Asubuhi Kikula yote ilisema Kalenga hakuweka kitambaa. Hata mimi nilisema. Lazima niandike hivyo: hata mimi.

Mchana wa Ijumaa nikikunja nguo, kati ya shati la baba na kikwembe cha kujifunga cha mama, nikakiona. Chekundu, kingali na tope pale jiwe lilipokilalia. Nikakisukuma chini ya godoro. Nje mama alikuwa anaambiwa kwamba yule mtoto mgonjwa bado hajaweza kukaa.

Jumamosi duara lilisimama. Wavulana walikwisha kusema kwamba Kalenga atatoka klabu siku ile. Mimi nilikuwa nimetayarisha kosa dogo: kuchelewa Jumanne. Nikalianza. Halafu nikamwona Kalenga anaangalia mikono yake, kama mtu aliyeanza kuamini kwamba kweli hakuweka.

Nilisema, "Kalenga aliweka kitambaa. Miye njo nilikitosha pale kwa kisima, pamoja na manguo. Kiko kwetu."

Kalenga akasema polepole, "Mi nilizania nilirota kukiweka."

Waliniondoa uprezida, kwa haki. Mpaka mvua zilipoisha nilimchotea Mama Veronika maji kwenye bomba la mbali. Mtoto alipona baada ya siku tatu. Muganga hakusema kama ilikuwa dawa yetu au kitu kingine, basi na mimi sisemi. Kalenga sasa ni fundi wa mashine kiwandani, na vijana anaowaongoza wanasema anaanza mkutano kwa kusema alichoharibu yeye.

Leo binti yangu ni prezida wa klabu ya shule yake. Wana glavu, wana fulana za rangi moja, na taka haiokotwi kabla haijapigwa picha. Nisiwaonee: juma lililopita walizibua mfereji ambao sisi wakubwa tuliuruka kwa miaka. Lakini nilimuuliza kama kwao chef anaanza na kosa lake.

Alicheka. "Mama, ukisema kosa lako, kesho watu wanachagua mwingine."

Nilimwambia ni kweli, ndivyo ilivyonipata. Hakuuliza zaidi, na sikujua kama nina haki ya kumfundisha. Mvua ikaanza kutisha, nikatoka uani. Mpaka leo ninaanua nguo moja moja, nikiiangalia kila moja ni ya nani.