Mwalimu Punguza na Pikipiki ya Silinda Nne

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alikaa kiti cha abiria, mguu mmoja ukiwa juu ya breki ya pili, akawafundisha watu kuendesha gari. Karibu kila mwenye leseni katika mji wetu amepita mikononi mwake, mimi nikiwemo, na wote tulimwita Mwalimu Punguza, kwa sababu neno hilo lilimtoka mara nyingi kuliko salamu. Punguza, kuna kona. Punguza, kuna mtoto. Punguza, hakuna kitu, lakini punguza. Hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya chini na breki yake ilikuwa ya ghafla, na mtu aliyeshuka kwenye gari lile akijikanda shingo alijua kwamba siku hiyo amefundishwa.

Wenzake wa chuo cha udereva walipokunywa chai alipenda kuwaambia, "Mimi nimeendeshwa vibaya na watu elfu nne." Walicheka, naye akacheka nao. Ilikuwa kweli kuliko walivyodhani. Kutwa nzima alikuwa barabarani, na kutwa nzima usukani ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Chombo pekee alichokiendesha mwenyewe kilikuwa pikipiki ndogo ya rangi ya maziwa, yenye kikapu kilichofungwa kwa waya, iliyompeleka kazini kwa dakika kumi na nane na kumrudisha kwa dakika kumi na nane. Alikuwa nayo mwaka wa kumi na nne sasa. Mwaka huo ilianza kufuka moshi wa bluu, na fundi alipoisikiliza akatikisa kichwa.

"Injini imechoka, mwalimu. Naweza kuibembeleza, lakini haitafika mbali."

Ukutani pa karakana palibandikwa karatasi yenye picha. Pikipiki ya mbio, nyeusi, iliyotumika, injini ya silinda nne yenye ujazo mara nane ya ile ya kwake. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono: inauzwa na mwenyewe kwa sababu za kiafya. Fundi alifungua plagi, akaisafisha, akairudisha, akafunga kifuniko, na mwalimu alikuwa bado amesimama pale pale mbele ya karatasi.

"Unamtafutia mwanao?" fundi akauliza.

"Najitafutia mimi."

Fundi akapangusa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Hiyo si pikipiki ya kwendea sokoni, mwalimu."

"Sokoni huwa nakwenda kwa miguu."

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Wanawe wawili walikwisha kuoa na kuhama. Nyumbani alibaki yeye na mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache ambaye angeweza kula chakula kizima bila kusema lolote, na bado ukaondoka ukiona mmezungumza. Siku hiyo hakumwambia kitu. Aliichukua namba iliyoandikwa kwenye karatasi, akapiga simu, na Jumamosi mchana akaenda.

Aliyefungua geti alikuwa mwanamume mrefu wa miaka kama arobaini, mkono wa kushoto mfukoni. Alimtazama mgeni wake, akatabasamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nakukumbuka wewe. Ulifeli mtihani mara mbili."

"Mara tatu. Na lile geti la chuo nililigonga mimi."

Siku hizi alikuwa mpima ardhi. Pikipiki ilikuwa kibarazani, imefunikwa shuka la kitandani, tena shuka safi lililopigwa pasi. Mwalimu hakuanza kwa kuisifia. Aliigusa injini kwa mgongo wa kiganja ahakikishe ni baridi, kwa kuwa muuzaji anayekuwashia kabla hujafika huwa ana jambo. Ilikuwa baridi. Alipiga magoti, akautikisa mnyororo, akapitisha ukucha kwenye sahani za breki, akasoma mwaka wa tairi, akatazama kama shokapu za mbele zinavuja. Alilinganisha namba za fremu na zile za kwenye kadi. Kisha akainama upande wa kulia na kukaa hapo kidogo.

"Ganda hili si la kiwandani."

"Ilianguka nami mara moja kwenye mchanga, mwendo wa mtu anayetembea," mpima ardhi akasema. "Ningekwambia. Nilikuwa nasubiri nione kama utaona mwenyewe."

Akautoa mkono mfukoni. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo mwaka uliopita, akamweleza, na mishipa ya mkono ule haikurudi kama zamani. Kikombe aliweza kukishika. Kuuvuta mkono wa klachi hakuweza. Vidole vilijikunja nusu vikaishia hapo. Miezi tisa alikuwa hajaipanda. Kila Ijumaa aliiwasha, akakaa kando yake mpaka ipate joto, akaizima, akairudishia shuka.

"Hebu ikalie," akamwambia.

Mwalimu aliikalia. Hakuwa amewahi kukalia kitu cha namna ile. Mgongo ulilala mbele, uzito ukaja viganjani, tangi likambana mapajani. Aliiwasha, na sauti ile haikuwa kelele kama alivyodhani, ilikuwa nzito na ya karibu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo kubwa. Akaisogeza mita tano hadi karibu na geti. Hapo alisimama, akatua mguu, mguu ukakanyaga kokoto, na kokoto zikateleza. Pikipiki ile ina uzito wa watu watatu wazima. Alijaribu kuizuia kwa pumzi mbili tatu, halafu wakaenda chini pamoja, taratibu.

Hakuumia. Mkono wa klachi ulikatika ncha. Yeye aliyewafundisha watu elfu nne alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, buibui limejaa vumbi, mbele ya mwanafunzi aliyefeli mara tatu.

"Nitalipa," akasema.

"Simama kwanza, mwalimu." Wakaiinua wawili, yeye kwa mikono miwili na mwenye pikipiki kwa mkono mmoja na bega. Aliponyooka, mpima ardhi akasema bila kucheka, "Sikuuzii leo. Njoo nikufundishe Jumapili sita. Ukishaweza, chukua. Usipoweza, nitakwambia mwenyewe, na wewe hutanikasirikia."

Alirudi nyumbani na goti lililochubuka, kwa hiyo hapakuwa na la kuficha. Mumewe alikuwa mezani, mota ya jokofu imefunguliwa mbele yake juu ya magazeti. Alisikiliza mpaka mwisho. Alishusha bisibisi.

"Unajua mara mbili kwa mwezi nahudumia mashine za baridi kule hospitali," akasema. "Chumba cha maiti."

"Najua."

"Sijawahi kukwambia ninachokiona, maana hakina faida. Nyuso siziangalii. Naangalia viatu, kwa sababu huviacha karibu na mlango, penye mashine yangu. Wa ajali za gari wana viatu viwili. Wa pikipiki, mara nyingi, kimoja." Akaishika tena bisibisi, akaigeuza, akaiweka. "Basi. Nimesema. Mimi siwezi kukukataza, mke wangu, wewe si mtoto. Lakini lipikipiki hilo sitaliombea dua."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na mwalimu hakuwahi kujua kwamba mtu huyu anarudi nyumbani na kitu kama hicho kichwani kisha anauliza chakula kiko wapi. Angeweza kuachana na jambo lile siku hiyo hiyo. Aliniambia mwenyewe, miaka baadaye, kwamba neno la kuacha lilikuwa limeshafika mdomoni. Badala yake alisema, "Sitatoka nayo barabarani mpaka wewe uniambie toka. Si yule mwalimu wangu. Wewe."

Mumewe alimtazama. "Na nisiposema?"

"Basi itabaki uwanjani, nami nitakuwa nazunguka koni mpaka nizeeke."

Zikaanza Jumapili. Uwanja wa chuo ulikuwa mtupu asubuhi, koni zile zile alizowapangia watu maisha yake yote, na yeye katikati yake ndani ya koti gumu na buti ndefu zenye bukli tatu alizokaza mpaka damu ikasitasita. Mpima ardhi alisimama kivulini na kumwambia yale ambayo yeye aliwaambia wengine. Unatazama chini. Chombo kinafuata macho. Legeza mabega. Klachi taratibu, taratibu, nimesema taratibu. Jumapili ya kwanza alizima injini mara kumi na moja. Ya pili, aliambiwa jambo moja mara tatu mfululizo, akajikuta anataka kulia kwa hasira, si kwa sababu hakuelewa, ila kwa sababu alielewa na mwili ukakataa.

Jumatatu iliyofuata alikuwa garini na mama mmoja muuza duka, mwanafunzi aliyekuwa akitetemeka kila anapokaribia makutano. Gari lilizimika katikati, nyuma honi zikaanza. Mwalimu aliutoa mguu wake juu ya breki ya pili, akakunja mikono. "Tuna muda," akasema. "Washa ukiwa tayari." Mama yule alisimulia mji mzima kwamba Mwalimu Punguza anaumwa.

Mumewe alitokea Jumapili ya tatu. Hakusema anakwenda. Alifika na chupa ya chai, akakaa juu ya tairi kuukuu, akatazama saa nzima, akaondoka. Ya nne akaja tena. Ya tano alisimama, akaenda hadi koni ya mwisho, akaisogeza hatua tatu ndani ili nafasi iwe finyu zaidi, akarudi kukaa. Mkewe alipita pale bila kuigusa, akageuka, akapita tena. Ya sita ilikuwa na mvua. Mpima ardhi alitaka waahirishe. Mume akasema barabarani hakuna anayeahirisha mvua, aendeshe. Akaendesha, akafunga breki pale alipoambiwa, tairi la nyuma likateleza kidogo likarudi. Alipoivua kofia, mumewe alikuwa anamimina chai.

"Toka," akamwambia. Hilo tu.

Bei walikwisha kupatana, na habari zake tuziache. Kadi ikabadilishwa jina, shuka likaja pamoja na pikipiki, mpima ardhi akisema halina kazi nyingine.

Safari yake ya kwanza nje ya mji iliishia mbele ya askari wa barabarani aliyemnyooshea mkono. Alipandisha kioo cha kofia, na askari akashtuka, akapiga saluti bila kukusudia.

"Mwalimu. Kumbe wewe."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ulikuwa unakwenda taratibu mno, malori yanakupita. Nikadhani chombo kina hitilafu."

Maneno hayo yalimwingia. Mbele kidogo kuna sehemu ambayo barabara imenyooka kati ya mashamba, hakuna nyumba, hakuna njia ya kuingilia, unaona hadi mwisho. Alisimama pembeni, akasubiri hadi pakawa patupu pande zote. Halafu akaondoka, gia ya pili, ya tatu, na kwa mara ya kwanza akaufungua mkono wa mafuta zaidi ya robo.

Alinieleza hivi: kwanza mikono ilivutwa, kama mtu amemshika mkanda kwa nyuma. Kisha upepo ukawa kitu cha kuegemea. Mashamba yakawa rangi moja. Hakuwaza wanawe, wala kazi, wala umri. Hakuna aliyekuwa ameshika usukani isipokuwa yeye. Alihesabu mpaka saba, akatazama mshale, akaogopa, akapunguza. Alipofika mwisho wa mnyoofu, ndani ya kofia alikuwa anacheka peke yake, machozi yanamtoka.

Tangu hapo si kwamba amekuwa mwehu wa mwendo. Hiyo saba huihesabu pengine mara moja kwa mwezi. Viganja vinamuuma, na fundi alimwinulia usukani kidogo ili mgongo upumue. Joto la injini humchoma paja kwenye foleni, na kikapu hakuna pa kukifunga, hivyo vitunguu huvibeba mgongoni. Mumewe alikubali kupanda siku moja, akakaa juu kule nyuma kama kikombe kwenye rafu, akafika hadi duka la pili, akamgonga begani, akashuka. "Nimeshaona," akasema, akarudi nyumbani kwa miguu. Bado halali usingizi wa mchana mpaka asikie geti.

Mpima ardhi alikuwa akipita mara moja moja kuisikiliza injini. Mkono haukupona. Jumapili moja alikuta mwalimu anakaza mnyororo, akasimama, akazungumza ya hali ya hewa, akazungumza ya viwanja, mwishowe akasema, "Sijui kama ni vibaya kukuomba."

"Kofia ya mume wangu iko ndani," mwalimu akamjibu. "Mpya kabisa, ameivaa mara moja."

Alimpandisha nyuma. Hawakwenda kwenye ule mnyoofu. Mpima ardhi aliomba njia ya mlimani, yenye kona, aliyokuwa akiipenda. Walipanda, wakageuka kileleni, wakashuka, karibu saa nzima, na muda wote hakusema neno, mkono wake mzima umeshika ukanda wa kiti na ule mwingine umelala tu juu ya goti. Waliporudi alikaa kidogo kabla ya kushuka. Aliivua kofia. Macho yalikuwa mekundu, na mwalimu akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia tangi.

"Ile kona ya tatu," mpima ardhi akasema hatimaye, "ungeshusha gia mapema zaidi."

"Nimesikia," mwalimu akasema. "Jumapili ijayo nitaishusha mapema."