Koti la Mweka Hazina

Mimi nauza vifungo na nyuzi mlango wa pili kutoka kwa fundi wa nguo, kwa hiyo mambo ya pale nayaona bila kuambiwa. Mama yule ana sheria yake moja: koti atalimaliza lote, ila mikono anaiweka kando mpaka mteja amalize deni. Amechezewa sana na watu wa "nitakuletea kesho". Nani atatoroka na koti lisilo na mikono?

Mdeni aliyemshinda ni mmoja tu, baba wa binti yake. Bwana huyo yuko ng'ambo. Mahakama ilimwagiza atume matunzo ya mtoto kila mwezi. Akatuma mara mbili, kisha akaanza kutuma sababu. Mara baridi imezidi, mara benki imegoma. Halafu anaweka picha mtandaoni ameegemea gari! Hata ofisa wa ustawi wa jamii alinyoosha mikono. "Angekuwa hapa ningemfuata mpaka mezani kwake," alisema. "Huko aliko, namwandikia na hajibu."

Huku nyuma binti haoni ubaoni. Anakodoa macho mpaka yanatoa machozi, na mtihani umekaribia, na hela ya miwani hakuna. Mtoto yule namtania kila siku, lakini jambo hilo liliniuma kama ni wangu.

Basi siku moja bibi yake, mama mzaa baba, akaingia kwa fundi na kitambaa cha suti. "Nishonee koti la mtu wangu," akasema, akapiga simu na kuweka spika. Mtu wa upande wa pili akataja vipimo, akajitapa kwamba anaapishwa kuwa mweka hazina wa chama cha watu wa kwao huko ughaibuni.

"Na mwambie huyo fundi wako, bega langu la kushoto limelala. Aongeze pamba."

Bega hilo fundi alilijua. Ndiye aliyelishonea koti la harusi. Akachukua chaki akaanza kuchora kitambaa. Bibi naye akawa anakagua dari.

Koti likaisha, kasoro mikono. Msafiri wa kulipeleka alikuwa anaondoka Jumamosi. Jumanne bibi akapiga simu ya video ili mwanawe alione. Ofisa wa ustawi naye, kwa bahati ambayo mpaka leo siiamini, alikuwa amefuata sketi yake.

"Mama, mbona halina mikono?"

Fundi akasogea mbele ya simu. "Baba mwanangu, habari za huko? Mikono ninayo hapa. Naiunga deni likiisha."

Bwana mkubwa akaachama. "Mama! Umenipeleka kwa nani?"

"Kwa fundi anayelijua bega lako," bibi akamjibu. "Mjukuu wangu haoni ubaoni."

"Nitatuma mwisho wa mwezi..."

"Haya, kaapishwe na kizibao," bibi akamkata.

Nilicheka mpaka nikamwaga kopo zima la vifungo.

Hela ya miwani, na ya miezi kadhaa juu yake, iliingia ofisa akiwa bado anajaribu sketi. Malimbikizo yaliyobaki ofisa akayaandikia makubaliano ya kulipwa kidogo kidogo, na bibi akawa mdhamini, huku akimkazia mwanawe jicho la "thubutu uone".

Ijumaa binti akaja na miwani mipya, anasoma kila kitu kwa sauti, mpaka bei za vifungo vyangu. Akamkuta mama yake anamalizia mkono wa pili. Akalishika koti, akalibonyeza begani.

"Mama, huku kushoto umejaza pamba nyingi. Umekosea."

"Sijakosea. Baba yako ndivyo alivyo."

Binti akaenda kwenye kioo cha wateja, akajitazama kwa muda. Akagusa bega lake la kushoto. "Kumbe na mimi," akasema.

Fundi akainamia cherehani, akaendelea kukanyaga. Sindano haikuwa na uzi.