Jicho la Mchonga Shaba

Harufu ya nta ya kung'arishia mbao hunikumbusha mama hadi leo. Likizo ile ya Desemba mama alinichukua kila siku kutoka chumba chetu cha mtaa wa Point hadi jumba moja kubwa la Wazungu vilimani, nje ya Durban, alikokuwa akifanya usafi. Baba hakuwepo, kazi ile ndiyo iliyotulisha na kutulipia chumba. Kuta za sebule zilijaa picha za kuchorwa kwa rangi za watu walionuna, lakini mmoja tu ndiye niliyemwogopa: mzee mchonga shaba, kalamu ya chuma mkononi, jicho moja limebana kioo cha kukuzia kama cha fundi saa. Kioo kile kilichorwa kikang'aa hasa, na popote nilipojibanza kilinifuata.

Siku moja miguu ilimvimba mama, akaketi kidogo kwenye kiti cha mahameli chini ya picha ile. Hakukuwa na mtu. Jioni Madam, mwenye jumba, akamwambia, kwa upole ule unaouma, kwamba viti vya sebuleni si vya wafanyakazi. Ndani ya teksi iliyojaa abiria mama alininong'oneza, "Ule muzee iko na kamera mu jicho. Madam alijua namna gani, kama si yeye?" Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama alikimbia kutoka kwao Burundi kwa sababu ya majirani wachunguzi. Nilimwamini. Nilimchukia mzee yule kuliko mtu yeyote mwenye damu.

Kesho yake mama akapanda kigoda, akamfunika mzee uso kwa aproni yake, ndipo akaanza kufuta vumbi. Madam akaingia, akakuta picha imefungwa kitambaa, naye akaona jambo moja tu: mwizi anafungasha mzigo.

"Madam, si kuiba! Ni ile jicho!" mama alilia, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Tuliteremka mlima kwa miguu, kazi hana tena.

Sasa najua mzee yule alikuwa akiangalia shaba yake tu. Aliyemchongea mama ni kiti, mahameli yaliyobaki na alama ya makalio yake. Nami siku hizi nalipwa kuchungulia watu. Nakaa mbele ya skrini kwenye ghala moja la Mobeni, Durban, kamera kila kona, za kweli hizi. Jana mfagiaji mmoja, mwanamke wa umri wa mama siku zile, alitazama kushoto, akatazama kulia, akaketi juu ya boksi na kuvua viatu. Nilivua koti langu, nikaifunika skrini.