Vifuko Visivyoogopa Chumvi

Nilinyimwa maji safi kwa kosa langu mwenyewe, sikatai. Nilimmwagia jirani yangu wa dawati shingoni maji ya maabara, yale yasiyo na chumvi yanayotiwa kwenye betri. Mwalimu wetu wa kemia, mzungu, akaifungia kabatini chupa iliyobaki. "Wewe tumia ya kisima," akaniambia. Kisima cha shule yetu hapa Moroni kiko karibu na bahari; ukipikia chai maji yake utadhani unakunywa mchuzi.

Alijua nitashindwa. Nami nilijua sifuri moja zaidi ingenirudisha Mutsamudu, kisiwani kwetu Nzwani, ambako baba, kuli wa bandarini, alikwisha kunichagulia gunia la karafuu la kubeba.

Kazi ilikuwa ya mirija miwili. Mmoja, sabuni ya kufulia. Wa pili, kitu cheupe kama nta, kisicho na chaji ya umeme, pamoja na kolesteroli. Chembe zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, kwa hiyo hujipanga safu mbili, mikia ikitazamana, zikajifunga kuwa vifuko vidogo mno vyenye maji tumboni. Ukitia rangi, sehemu yake hunaswa humo.

Nikatia maji ya kisima kwenye mirija yote miwili, na rangi nyekundu kwenye ule wa nta, nikapasha moto, nikatikisa. Sabuni ikakatika mabonge kama maziwa yaliyochacha. Ile nta ikawa uji mwepesi mwekundu. Nikautia katika mfuko wa selofani, unaopitisha rangi lakini si vifuko, nikautumbukiza kwenye maji yaleyale ya kisima, nikayabadilisha mara kadhaa. Rangi iliyovujia nje ikaisha. Ya ndani ikabaki.

Mwalimu akaangalia. "Umeiba maji yangu. Sifuri."

"Sikuiba, Mwalimu."

"Kaa chini."

Siku hizi mzungu akikwambia kaa, unakaa. Wazungu wenye bunduki ndio wanaolinda ikulu, na huyu wetu hucheza nao karata. Rafiki yangu akanivuta shati. "Kaa, we mtu wa Nzwani, utatufungisha."

Sikukaa.

"Kama maji ni yako, mbona sabuni imeganda? Sabuni ina chaji, chumvi inaikamatia hapo. Hii nyingine haina, chumvi itaishika wapi? Onja, Mwalimu."

Nikamsogezea bilauri yangu ya maji. Darasa zima likatazama sakafu. Akachovya kidole, akaonja, akatafuta pa kutemea, akakosa, akameza.

Alifuta sifuri, akaandika kumi na tatu juu ya ishirini. Halafu akaifuta nayo: kumi na moja. Mbili, alisema, amezikata kwa ajili ya mdomo.

Sawa. Moroni nipo, na mdomo ninao bado.