Nambari ya Baba

Homa ilimshika baba yangu wiki tatu, mwaka mmoja baada ya kustaafu ukarani bandarini. Ilipomwachia, alikuwa mzima wa kila kitu ila masikio. Kusema aliweza, lakini hakuwa akijisikia, kwa hivyo kila neno lilimtoka kwa kelele. Siku moja aliniomba chumvi, na nyumba ya pili wakacheka. Yeye hakuwasikia, lakini aliuona uso wangu. Tangu hapo akafunga mdomo. Na ukimwandikia kwenye karatasi hukasirika, akaisukuma upande, kwamba yeye si mtoto wa chuoni.

Mimi nilikuwa na duka la kupiga chapa barabara ya Ndia Kuu, chini ya nyumba yetu: barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mikataba ya vyumba. Juu tukikaa mimi na yeye, tangu mama atangulie mbele ya haki. Basi ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini ikawa inauza kompyuta zake za zamani, nikanunua mbili. Fundi mmoja wa bara, mfanyakazi wa reli, akaziunganisha kwa waya mweusi uliopanda ngazi na kupita juu ya mlango wa Baba. Ndani ya kompyuta hizo mlikuwa na kijiprogramu cha kupelekeana maneno: unaandika huku, na kule kinafunguka kijidirisha chenye maneno yako. Kwenye kompyuta ya Baba fundi akabandika karatasi yenye nambari mbili ndefu, zilizofanana kila kitu ila mwisho. Ya duka iliishia na moja, ya Baba iliishia na mbili.

Wallahi, sijapata kuona mtu akifufuka ila siku ile. Baba alikuwa amepiga taipu maisha yake yote ya kazi, kwa vidole vyote kumi. Asubuhi ya pili, hata sijamaliza kufungua milango ya duka, maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta: "Sabalkheri. Umekunywa chai?"

Shida ni kwamba hakuacha. Alikaa dirishani juu, na kila lipitalo barabarani nililetewa. "Nani huyo mwenye kanzu mpya?" "Paka yu ngazini tena." "Mahamri ya leo yalizidi iliki." Mwanzoni nilicheka. Nilimjibu kila kitu, hata cha paka.

Halafu ikaja Alhamisi moja. Shangazi wa bi harusi alikuwa amesimama juu ya kichwa changu kwa sababu nilikuwa nimekosea siku ya karamu ya walima kwenye kadi mia mbili. Mimi nasahihisha, kijidirisha cha Baba kinafunguka juu ya kadi. Nakifunga, kinafunguka. Mara ya tatu nikaandika: "Baba, nina wateja! Niache nifanye kazi!" Na nikakifunga kijiprogramu chenyewe. Hasira zangu ziko karibu, tangu udogo. Baadaye kidogo kikatokea kijisanduku kingine cha maneno ya Kizungu, nacho nikakifunga bila kukisoma.

Usiku huo Baba alikula bila kuinua macho. Ijumaa nilikifungua tena kijiprogramu, nikangoja sabalkheri yangu. Haikuja. Nikaandika mimi, nikaambiwa mwenzangu hapatikani. Nikajisemea, amenuna, ameizima. Haya, na anune. Mkaidi amezaa mkaidi. Lakini Jumamosi hakutoka hata kwa kahawa yake ya asubuhi. Nilipopanda nilimkuta amekaa mbele ya kioo kilichowaka, mikono mapajani. Nilijua nikimpoteza hapo simpati tena, maana mlango mwingine wa kuzungumza naye sikuwa nao.

Fundi alikuwa amekwenda kwao likizo. Nikaanza mwenyewe. Nilifuata waya kutoka dukani hadi juu, ngazi kwa ngazi, nikitafuta panya alipotafuna. Hakuna. Waya ule una kofia ndogo ya chuma kila mwisho, na ikilegea tu mawasiliano yote hufa. Nikazikaza zote mbili. Nikafungua kompyuta ya duka, nikachomoa kadi inayoshika waya, nikaipuliza vumbi, nikairudisha. Kisha nikatumia amri aliyonifundisha fundi: unaandika nambari ya kompyuta, nayo ikiwapo huitika. Nikaita yangu, ile ya moja, ikaitika. Nikaita ya Baba. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikaipiga kofi kompyuta.

"Dada we!" akasema mteja mmoja aliyekuja kuchukua barua yake. "Hiyo hata uipige, haisikii."

Sikuweza kucheka. Nilipanda juu, nikamwomba Baba kiti, nikafungua mipangilio ya kompyuta yake. Kwenye kisanduku cha nambari nikakuta ile inayoishia na moja. Nambari yangu.

Lo! Damu ikanipanda. Kwetu Baba ndiye huanza kukaa, ndiye huanza kutia mkono sahanini, na hakuna aliyewahi kuhoji. Nikaandika pale pale kwenye kioo chake: "Baba! Hata nambari hutaki kuwa wa pili kwa mwanao?"

Akasoma. Akanigeukia, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi, sauti iliyofika barabarani, akasema:

"Nalikuwa nakwita!"

Akanionyesha ile karatasi ya fundi, kidole juu ya neno "duka". Kisha akavuta kibodi, akaniandikia, maana ameshaona machozi yangu. Alhamisi aliniita nisiitike. Akafikiri, kwenye simu ukimtaka mtu unatia nambari yake. Akatafuta mahali pa kutia nambari, akatia yangu. Kompyuta ikamwambia kwamba nambari hiyo ina mtu anayeitumia. "Nikafurahi," akaandika, "nikajua upo."

Nambari moja haikai kwenye kompyuta mbili za waya mmoja. Ya pili hufungiwa nje. Kumbe kile kijisanduku cha Kizungu nilichokifunga Alhamisi kilikuwa kikiniambia hivyo. Siku tatu Baba alikuwa akiniita kutoka nje, na kila akishindwa anaizima, anaiwasha, anahakikisha nambari yangu bado ipo.

Nikaandika: "Ni mimi niliyekufungia, Baba. Niwie radhi." Akaniwekea mkono kichwani, kama nilipokuwa nasukwa nikiwa mdogo. Nikairudisha mbili yake, nikaizima na kuiwasha, nikateremka.

Dukani walikuwa wamejaa. Shangazi wa bi harusi alikuwa mbele, kadi mkononi, mdomo tayari. Nikakaa, na kijidirisha kikafunguka.

"Ukiwa na wateja niandikie 'ngoja' tu. Nitangoja."

Nikawatazama watu wale wote, nao wakanitazama mimi na macho yangu mekundu. Nikaandika: "Hakuna mtu, Baba. Sema."