Kiti cha Nyuma ya Goli

Watu wa Kitale walimjua Mzee Mukhisa kwa mambo mawili: kinu chake cha posho karibu na soko, na chuki yake kwa mpira. Unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi, na kelele za mashine zilikuwa zimemla masikio, hata aliyetaka kumwambia jambo alipaza sauti au alimwandikia kwenye simu. Kuhusu mpira hakungoja kuulizwa. Aliusema kanisani, aliusema kinuni, kwamba ni kazi ya watu wasio na shamba.

Mtoto wake wa pekee, Tonny, alikuwa kipa.

Nasambu, mama yake Tonny, alipofariki, kijana alifika mazishini kule Naitiri jeneza likiwa limeshashushwa. Timu yake ilikuwa ikicheza Mombasa. Mukhisa akachukua maikrofoni mbele ya waombolezaji wote.

"Huyu amekuja kuona kama mechi imeisha," alisema. "Imeisha. Rudi uwanjani kwako."

Tonny akatupa udongo wake kaburini, akageuka, akaenda. Hakurudi nyumbani tena. Baba naye hakumpigia, ingawa mara nyingine, mashine ikiwa imezimwa, wateja walimkuta ameishika simu mkononi, anaitazama tu.

Mwaka huu, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani, kimya hicho kilivunjwa na ujumbe.

"Baba, Jumamosi tunacheza Bungoma. Tukitoka hapo naenda Oman, na sijui nitarudi lini. Nimekununulia tiketi. Siku hizi haziuzwi getini, ni kwa simu tu. Kiti chako kiko nyuma ya goli. Kipindi kimoja lazima nitasimama hapo. Nikikuona nitajua yale ya Mama tumeyamaliza. Nisipokuona pia nitajua."

Chini yake palikuwa na picha ya mraba uliojaa madoa meusi, na namba ya kiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiketi.

Mukhisa alizima mashine, akaketi juu ya gunia. Kisha akafanya kile ambacho kila muumini wa kanisa lao hufanya akipata jema: akatoa ushuhuda. Siku hizi ushuhuda haungoji Jumapili. Hutumwa kwenye grupu la WhatsApp la wazee wa kanisa, na lazima uwe na ithibati. Aliyepona hutuma picha ya karatasi ya hospitali. Ng'ombe akizaa, hutumwa picha ya ndama. Mukhisa akatuma tiketi. "Bwana asifiwe. Mtoto amenikumbuka."

Wazee wakajibu mmoja baada ya mwingine, na yeye, kwa adabu ya grupu hilo, akamrudishia kila mmoja Amina yake. Hakusoma walichoandika. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Jumamosi aliosha nyusi mpaka zikarudi kuwa nyeusi, akavaa suti aliyomzikia mkewe, akashika njia ya Kimilili hadi Bungoma. Getini, msichana mwenye koti la kijani alielekeza kimashine kwenye simu yake. Kikalia, taa ikawa nyekundu.

"Mzee, hii imetumika."

"Imetumika na nani? Si hii hapa mkononi mwangu?"

"Kuna mtu ameingia nayo kitambo. Tiketi moja, mtu mmoja."

"Mimi ni baba ya kipa."

Vijana waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. "Hata mimi ni shangazi yake, bana! Songa!"

"Basi niuzie ingine, mama."

"Haziuzwi hapa, Mzee. Na kwa simu ziliisha jana."

Alisogea ukutani. Alimpigia Tonny, simu ilikuwa imezimwa. Kijana mmoja mwenye kofia akamjia, akamsemea sikioni, "Niko nayo, Mzee, nikuuzie?" Akamwonyesha mraba wenye madoa meusi. Mukhisa aliutazama, akatikisa kichwa. Wake pia ulikuwa hivyohivyo.

Hata masikio yale yaliyoliwa na mashine yaliusikia uwanja ukiunguruma. Hakujua ni furaha ya nani. Kipindi cha kwanza kikaisha. Cha pili kikaanza. Alirudi getini akakataliwa, akarudi tena, akakataliwa tena.

Dakika za mwisho geti likafunguliwa wazi, kama ilivyo kawaida mechi ikikaribia kwisha, na Mukhisa akaingia akikimbia. Tonny alikuwa amesimama goli la mbali, mdogo kama njiti ya kiberiti. Kwenye kile kiti, tarumbeta ya plastiki mdomoni, alikaa Matthew, mzee mwenzake na mwalimu wa kwaya ya kanisa lao.

"Mzee! Kumbe umekuja?"

"Matthew, hapa ni pangu."

"Pako aje? Si niliuliza kwa grupu? Nilisema, kama Mzee hataenda, niende nikuwakilishe. Ati wewe na mpira, nani hakujui? Na ukaniambia Amina!" Akatoa simu, akamwonyesha. Ilikuwapo.

Mukhisa aliisoma, akamrudishia simu.

"Alitazama huku?"

"Ai, mara nyingi! Nikawa nampungia mkono, nampigia tarumbeta. Halafu akaacha kutazama."

Filimbi ya mwisho ikalia. Mukhisa aliita jina la mwanawe kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, lakini uwanja mzima ulikuwa ukipiga kelele. Tonny alivua glavu, akaingia ndani na wenzake bila kugeuka.

Matthew alikuwa amekwisha kuondoka, ameinamisha kichwa, simu ya Mukhisa ilipotetemeka.

"Nimeona uliyemtuma. Nimeelewa, Baba. Kaa salama."

Akaanza kujibu. Neno la kwanza ambalo kidole kiliandika, kwa mazoea, lilikuwa Amina. Akalifuta. Akaandika kwamba alikuwa getini, herufi moja moja. Alipopiga simu, ilikuwa imezimwa tena, na nje ya ukuta basi la timu lilikuwa likipiga honi watu wapishe.

Akakaa kwenye kiti, akitazama goli tupu. Mwanamke aliyekuwa akifagia chupa alimfikia.

"Mzee, mechi imeisha."

"Najua."

"Basi si uende nyumbani?"

"Hiki ni kiti changu," alisema Mukhisa. "Mtoto alininunulia."